Neno la Kwanza la Kila Ubeti: Maisha ya Neville Brocklesby, Mpiga Besi

Neville Brocklesby alifariki Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, katika nyumba ya kuwatunzia wagonjwa wasio na tiba mjini Grimsby, akiwa na umri wa miaka 75, na mkewe Glenys alikuwa ameketi kando ya kitanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948 hapa hapa Grimsby, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Harold Brocklesby, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha barafu bandarini, na mkewe Edna. Alianza shule mwaka 1953 na kuacha mwaka 1963 akiwa na miaka kumi na mitano, bila cheti chochote, na ripoti moja tu ndiyo iliyohifadhiwa na mama yake, ambamo mwalimu wa muziki aliandika kuwa mtoto huyu hana sauti kabisa, ila anawasikiliza wenzake kuliko wote darasani.

Mwaka huohuo alianza kujifunza uchomeleaji wa vyuma bandarini, na mwaka 1965 alibadilishana baiskeli yake na gitaa la besi lililokuwa na nyuzi mbili badala ya nne. Mwezi Septemba 1966 alijiunga na bendi ya The Tallow Kings, pamoja na mwimbaji Gordon Pask, mpiga gitaa Terence Lumb na mpiga ngoma Alec Swaby, ambao wote watatu wapo nasi leo, mstari wa mbele. Wimbo wao mmoja ulifika nafasi ya sita nchini mwezi Machi 1971, na mwaka uliofuata waliuza haki zake zote kwa bei ya gari la kubebea vyombo, gari ambalo Alec aliligongesha kwenye ukuta wa kiwanda cha bia kabla halijamaliza miezi mitano. Tangu hapo wimbo huo umepigwa redioni mara nyingi bila wao kupata senti, na njia pekee iliyowabakia ya kulipwa ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuupiga wenyewe.

Tarehe 16 Juni 1973 Neville alifunga ndoa na Glenys Wray, karani wa shule, na walijaliwa watoto wawili, Russell mwaka 1975 na Tamsin mwaka 1979. Bendi ilisimama mwaka 1977, marehemu akarudi kwenye uchomeleaji kwa miaka kumi na minne, bendi ikafufuka mwaka 1991, na kuanzia hapo ilifanya ziara tatu za kuaga, ya mwaka 1999, ya mwaka 2006 na ya mwaka 2014, na wapenzi wake walinunua fulana za kuaga mara zote tatu bila kinyongo.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Neville alimwahidi mkewe mwaka 2006 kwamba ile ndiyo ya mwisho, kisha akasema paa linavuja na fundi anataka pesa, na paa lilipotengenezwa mwaka 2008 akasema jiko, na baada ya jiko ikawa harusi ya Tamsin. Mwaka 2014 hapakuwa na kilichovuja wala aliyeolewa, Glenys alikuwa amestaafu, na walikuwa wamepanga kukaa majira yote ya kiangazi cha mwaka uliofuata kando ya bahari huko Mablethorpe, wawili tu. Mwezi Januari 2015 Neville alimwambia, wakiwa wanakunywa chai, kwamba bendi ina maonyesho thelathini na moja mwaka huo. Glenys alimwuliza, "Nev, nijibu moja tu, unakwenda kwa pesa au kwa mapenzi?" naye akajibu, "Pesa, Glen," huku akitazama kikombe. Glenys alifungasha nguo akaenda kwa dada yake mjini Louth, akakaa siku kumi na moja, na aliporudi hawakulizungumza tena kwa zaidi ya miaka mitatu. Alikuwa tayari kuolewa na mtu anayependa jukwaa, na alikuwa tayari kuolewa na mtu mwenye shida ya pesa, lakini mtu anayemdanganya hakuwa tayari naye, na ametuomba tuliseme hilo kama lilivyo.

Mwezi Oktoba 2018 mwanamke aliyekuwa akiuza fulana za bendi alivunjika nyonga, na Glenys alikubali kushika nafasi yake kwa maonyesho kumi na mawili. Jioni ya tatu, katika ukumbi wa Kendal, akiwa nyuma kabisa kwenye meza ya fulana, aliona kwamba midomo ya mumewe inacheza wakati wote, na jambo hilo lilimshangaza, kwa sababu kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi kumwona Neville akiimba hata kanisani. Alitazama nyimbo tatu zaidi ndipo akaelewa, kwamba kabla ya kila ubeti Gordon hugeuka kidogo upande wa kushoto, Neville humtamkia neno la kwanza, na Gordon huendelea mwenyewe mpaka mwisho wa ubeti.

Gordon alianza kusahau maneno mwaka 2012, na madaktari walilipa tatizo hilo jina mwaka 2016. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kulisoma hapa, akisema, "Lisomeni upesi, kabla sijasahau kwamba nilikubali." Waliwahi kujaribu kumwekea skrini ya maneno miguuni, huko Doncaster mwaka 2013, na Gordon akawaimbia watu mia nne, kwa sauti kubwa na kwa hisia, maagizo yaliyosema rudia kiitikio mara mbili, na skrini haikurudi tena. Tangu jioni ile Neville alichukua kazi hiyo, na Gordon alimwapisha asimwambie mtu yeyote.

Njiani kurudi hotelini, Gordon akiwa amelala kiti cha nyuma, Glenys alimwambia mumewe, "Paa, Nev? Miaka yote hii, paa?" Neville akasema, "Paa lilivuja kweli." Glenys akasema, "Paa lilikwisha 2008, mzee, usinichezee." Alec, aliyekuwa akiendesha, alidakia kwamba yeye anakwenda kwa pesa na haoni aibu, maana pensheni yake haimlishi hata paka, na Terence akasema Alec hana paka. Ndipo Neville alipomweleza mkewe kwamba Gordon akikaa nyumbani hajui ni siku gani, na akisimama pale mbele anajua, na kwamba yeye Neville akiacha, Gordon ataacha wiki hiyohiyo. Walipofika Glenys akamwuliza, "Na wewe mwenyewe, unapenda?" Neville akajibu, "Kupita kiasi, ndiyo maana nilishindwa kukuambia."

Glenys aliuza fulana miaka mitano iliyofuata.

Mwezi Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipiga maonyesho kumi na tisa baada ya hapo, manne ya mwisho akiwa ameketi, na tarehe 3 Novemba alilazwa. Alifuta kila kitu kwenye kalenda isipokuwa onyesho la Jumamosi, tarehe 2 Desemba, hapo Cleethorpes, na siku mbili kabla ya kufa alimwambia mkewe, "Glen, lile la Cleethorpes usiwaache," naye akajibu, "Lala, nimeshasikia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa mtaa wetu walioleta chakula bila kuombwa, wachomeleaji wenzake wa zamani waliokuja leo wakiwa sita, na wapenzi wa bendi waliotuma barua kutoka miji ambayo baadhi yetu hatukujua kuwa aliwahi kufika.

Onyesho la Cleethorpes lilifanyika Jumamosi iliyopita, siku sita kabla ya mazishi haya. Besi ilipigwa na mtu wa kuazimwa kutoka Hull, na Glenys aliketi kwenye kiti cha Neville, kushoto kwa Gordon, bila karatasi, kwa kuwa amezisikia nyimbo hizo kupitia ukuta wa jiko tangu alipoolewa. Katika wimbo wa tisa alitangulia, akampa ubeti wa tatu badala ya wa pili, na Gordon akamwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, huo bado," ukumbi mzima ukacheka, naye akampa neno sahihi.

Pumzika, Nev. Walimaliza saa tatu na dakika arobaini usiku, na Gordon aliimba nyimbo zote kumi na sita.