Kurasa Mbili za Salamu

Foleni ya posta ya Kakamega ilikuwa ndefu, nami bibi yenu nilisimama nyuma ya walimu wawili. Ustadhi Swaleh wa Mumias, aliyesomea Sudan, alikuwa ameandikia jarida la Uingereza makala juu ya barua za kale za Kiarabu. "Wamenikataa," alisema. "Kurasa tatu za makosa! Makala naipeleka Misri."

Mwenzake, Mwalimu Osiako, akaisoma barua ya hilo jarida, akaruka. "Wakikataanga wanaandika mistari miwili! Hawa wanataka urekebishe, urudishe. Umeingia, ndugu yangu!"

Ustadhi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Niliiokota mimi.

"Ila toa hizi kurasa mbili za mwanzo wa makala, za kumsifu Mola na sheikh wako," Osiako akasema. "Anza na ulichogundua."

"Subhanallah! Niingie kwa watu bila salamu?"

"Hao hawana wakati wa salamu. Sema kilichokuleta!"

Mimi kitendawili cha anayeingia bila hodi nakijua: ni upepo. Na upepo haupewi chai.

"Anayefuata!" karani akaita. Zile kurasa mbili walikuwa wamezishika wote wawili, kila mmoja anavuta kwake.