Picha Alizoharibu kwa Makusudi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Mei 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Mama yake alisimulia kwamba alipojifunza kusema tu, aliuliza nani kazima jua.

Alisoma hadi darasa la nane, 1964. Mwaka huo alisimamishwa wiki mbili kwa kufungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kinachoitembeza. Alirudishia vipuri vyote, ila ikawa inatembea kinyumenyume.

Mwaka 1973 alifungua studio ya picha: chumba kimoja, pazia la bluu, stuli na kioo chenye ufa. Hapo alimhoji sana muuguzi aliyefuata picha ya kitambulisho, hadi dada wa watu akasema, "Kaka, unapiga picha au unaniandika kazi?" Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2011 wakala wa ajira za nje alianza kumletea wasichana wa picha za viza. Saba wa kwanza aliwapiga vizuri, wakasafiri. Wa nane alipoketi, Marehemu akashtuka: wote walivaa blauzi ileile yenye kola ya kijani, na wakala ndiye aliyewajibia umri. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Kesho yake wakala akaja na nakala ya maelezo hayo, akayasoma kwa sauti huku akicheka.

"Mzee, kila ofisi huko ina mtu wangu. Wewe piga picha."

Basi akapiga, kila mara binti alipopepesa macho. Pasipoti ilipatikana kwa mlango wa nyuma, lakini ubalozi ulirudisha picha mara tatu. Kila marudio yaliwapa Marehemu na binti dakika chache nyuma ya pazia.

"Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Wameandika ishirini na mbili."

"Sijauliza walichoandika."

"Kumi na sita, babu. Nyumbani wanajua naenda kusomea ushonaji."

Mkewe akampigia simu mama wa binti. Wakala alipofika mara ya nne, mama huyo alikuwa ameshakalia stuli. Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Wakala hakuguswa, alihamia studio nyingine. Mwezi uleule leseni ya Marehemu ikafutwa, barua ikitaja "picha duni". Sisi wanawe tulimcheka, tukamtafutia miwani. Mama alitueleza ukweli miaka mingi baadaye, na kicheko kile kinatuuma hadi leo.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kila dawa, alimtaka daktari aeleze inapita wapi mwilini. Alifariki tarehe 3 Julai 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Asubuhi hiyo aliuliza jambo moja tu: "Wale saba niliowapiga vizuri, wako wapi?"

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na binti mmoja asiye wa damu yake, ambaye leo ameketi kando ya mama yetu.

Pumzika kwa amani, baba. Wale saba tutaendelea kuwaulizia.