Dume wa Miaka Mitano

Benchi lile nililiweka mwenyewe mbele ya duka langu la chakula cha mifugo, nikidhani wateja watakaa wapumzike wakati magunia yanapakiwa. Ujinga wangu. Wateja hawakai. Wanaokaa ni watu watatu wasionunua hata punje, wanaokunywa kahawa yangu tangu saa moja asubuhi na kubishana kuhusu kulungu, basi. Juu ya vichwa vyao inapita ile boriti ya mwaloni ambako kila tarehe kumi na tano Novemba, siku bunduki zinaporuhusiwa, mji wetu mzima wa Harlow Creek hutundika madume waliopigwa asubuhi hiyo, watu wakaja kutazama na kupongezana. Lakini Jumamosi hii ninayoisema ilikuwa ya Juni. Boriti ilikuwa tupu, mbu wameshaamka, na Pointi alibakiwa na siku moja tu ya kuamua.

Pointi ni Leland Nowicki, aliyeendesha basi la shule hapa kwetu miaka thelathini na minne. Jina tulimpa sisi. Miaka mitano amekuwa akijiandikisha katika jimbo la Iowa, ambako mgeni hapewi leseni ya kuwinda dume kwa upinde mpaka arundike pointi za kungojea, moja kwa mwaka. Sasa anazo tano. Akizitumia zimekwisha, anaanza sifuri. Na nyonga yake ya kushoto daktari ameshaipangia tarehe ya kubadilishwa, mwezi wa Januari, kwa hiyo vuli hii ndiyo ya mwisho ambayo ana hakika ataweza kupanda ngazi ya mtini, anakokaa mwindaji kumngoja mnyama. Miaka hamsini na minne mtu huyu anawinda, na hajawahi kupiga dume aliyekomaa. Hata mmoja! Fomu, iliyo kwenye simu yake, inafungwa kesho.

— Bado hujabonyeza tu? aliuliza Kamera.

Kamera ni Marlys Teeple, mama wa posta mstaafu. Ana kamera kumi na nne zimefungwa kwenye miti ya watu, kwa ruhusa na bila ruhusa, zinazomtumia picha kwenye simu kila mnyama akipita, na anamjua kila kulungu wa tarafa hii kuliko anavyowajua wajukuu zake.

— Nafikiri, alisema Pointi. Simu ameishika kwa mikono miwili.

— Unafikiri nini? Miaka mitano ulikuwa unafanya nini, unalala?

— Mwache shemeji yangu, aliingilia Udongo. Iowa haibonyezwi kama kengele ya mlango.

Udongo ni Gordon Haverkamp, mume wa dada yake Pointi. Kazi yake ni kumwagia wakulima chokaa mashambani kwa lori, na hakuna jambo duniani asilolieleza kwa udongo. Watoto wakifeli hesabu, udongo. Kanisa likikosa watu, udongo.

— Iowa ni udongo mweusi, shemeji. Mweusi tii! Mwaka juzi nilipeleka mashine kule, nikasimama kando ya shamba la mahindi kujisaidia. Narudi wiki ya pili, pale pale, mahindi yamenipita kofia.

— Muongo wewe.

— Haki ya Mungu! Kulungu anakula mahindi yale, soya ile, chokaa yote inapanda kichwani inakuwa pembe. Ukimfunga mbuzi pale miezi sita utashindwa kumtoa mlangoni.

— Mbona ng'ombe wa kule hawana pembe kubwa? niliuliza mimi nikiongeza kahawa.

— Wewe uza pumba zako.

Kamera alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

— Si udongo, alisema. Ni utulivu wa akili. Leland, nenda Ohio. Leseni unanunua dukani siku hiyo hiyo, hakuna pointi wala nini. Halafu kule kwenye vilima wanakaa Waamishi, wale wa dini inayokataa mashine. Wanalima kwa farasi. Hakuna trekta, hakuna redio, hakuna pikipiki. Dume la Ohio tangu kuzaliwa halijawahi kushtuka. Na mnyama asiyeshtuka, nguvu zake zote zinakwenda wapi?

— Wapi?

— Pembeni!

— Kwa hiyo mimi nikihamia kwa Waamishi nitaota pembe, alisema Udongo.

— Wewe ulishaota, muulize mkeo.

Tulicheka hadi mbwa wangu akaamka. Pointi naye alicheka, lakini macho yalirudi kwenye simu.

— Kansas je? alisema polepole. Binamu yangu aliwahi kwenda. Anasema kule unamwona dume kutoka maili mbili, anatembea peke yake kwenye nyasi.

— Kansas ni upepo! Udongo aliruka. Upepo wa Kansas unapiga mwaka mzima. Kulungu mwenye kichwa chepesi anapeperushwa. Sasa ili asimame, mwili unamwotesha pembe nzito, zimshikilie chini. Umeelewa? Ni kama mimi nikiweka magunia nyuma ya pikapu wakati wa theluji.

— Ulisema ni udongo.

— Udongo na upepo.

— Na Kansas walifunga maombi Aprili, alisema Kamera. Upepo umeshapita, Gordon.

— Basi Wisconsin. Zile kingo za mto...

— Wisconsin miti yote ina watu. Kulungu akitaka kupita anapanga foleni.

— Illinois?

— Illinois ndiyo hiyo hiyo Iowa, ila watu wanaongea zaidi.

Hapo ndipo walipofika. Nimewasikia wakizunguka hivyo misimu yote mitano, na nawaambia ukweli, pamoja na uongo wote ule nawapenda. Nani mwingine anaweza kukueleza mbele ya kahawa ya bure jinsi dume mkubwa anavyokunywa maji: anaingiza mdomo, anainua kichwa, anasikiliza, anaingiza tena? Udongo anaijua miti ambayo madume walisugulia pembe kabla baba yake hajazaliwa. Kamera huamka usiku wa baridi kali kwa sababu simu imetoa mlio na huenda ni mnyama anayepita. Sijawahi kukipenda kitu namna hiyo, labda mke wangu, na yeye hanichunguzi kwa kamera.

— Leland, nilisema. Wewe unataka nini hasa?

Pointi aliiweka simu juu ya goti la mguu mzima. Ule wa nyonga mbovu huwa ameunyoosha.

— Nataka kumwona tena, alisema.

— Nani?

— Yule wa mwaka themanini na nane.

Kisa hicho tunakijua, na kila akikisimulia tunakisikiliza upya. Ilikuwa Novemba, theluji ya kwanza, Pointi amekaa kwenye kisiki karibu na mto. Likatokea dume kwenye miti ya mierezi. Shingo imejaa kama pipa. Kifua kimeshuka. Halikukimbia wala halikunyata, lilitembea kama mwenye shamba anayekagua mipaka yake. Lilisimama hatua thelathini likamtazama.

— Nilikuwa na bunduki mkononi, alisema Pointi. Sikuiinua. Sikuogopa. Nilikuwa namtazama tu. Nikasema, kumbe wanakuwaga hivi! Miaka kumi na minane nilikuwa nimeshawinda, sikujua kama wanakuwa hivi. Akaenda zake. Tangu siku hiyo nimepiga madume ishirini na saba, na wote ukiwaweka pamoja hawamfikii yule.

— Alikuwa amepotea njia, alisema Kamera kwa upole. Labda alitoka Iowa.

— Alifuata udongo, alisema Udongo.

— Sasa nataka nikae mtini mara moja kabla hawajaniwekea chuma, nimwone anakuja. Hata nisipopiga. Ila hapa ndipo panaponishinda, hebu tazama, wanauliza ukanda wa kuwindia. Iowa ina kanda kumi. Nikikosea ukanda, miaka mitano imekwenda na maji.

Basi wakamrukia. Udongo alitaka ukanda wa kusini, kwa sababu ya mfinyanzi. Kamera alitaka ukanda wa mashariki, kwa sababu mwezi huchomoza kule kwanza na madume hupata dakika za ziada za kula. Nilimuuliza dakika hizo amezipima na nani, akaniambia ninyamaze, yeye amefanya kazi serikalini.

— Halafu mnaponda hapa nyumbani, Kamera akaongeza, lakini hata hapa tunaye mmoja mzuri. Nimempata tena jana kwenye miti ya tufaha ya Leland. Soksi!

Akatoa simu. Soksi ni dume mdogo mwenye mguu mmoja wa mbele mweupe mpaka gotini. Pembe zake za mwaka jana, maana huzidondosha kila mwaka zikaota nyingine, zilikuwa kama kalamu mbili.

— Soksi! nilisema. Si ndiye Gordon alimkosa?

— Darubini ya bunduki ilikuwa imegongwa, alisema Udongo.

— Hatua arobaini! Kamera alipiga kofi. Mchana kweupe! Kulungu amesimama anakula tufaha, Gordon akapiga boksi la posta!

— Nimesema darubini iligongwa! Na mwaka huu simkosi. Tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi, atakuwa ananing'inia hapa juu. Mtamwona.

Mzaha wa boksi hilo Udongo anaubeba tangu Novemba. Kanisani wanamuuliza kama barua zimefika.

Wakati huo pikapu ikaingia uwanjani, akashuka mama wa miaka arobaini hivi mwenye buti za mpira. Mgeni. Alikuwa ndiye aliyenunua lile shamba la marehemu Schultz, linalopakana na la Pointi upande mmoja na la Udongo upande mwingine. Alinisalimu, akaomba magunia mawili ya chakula cha vifaranga. Mimi nikageuka kuyabeba, nikasikia nyuma yangu Udongo anavuta pumzi.

— Tazameni namba za gari.

Zilikuwa za Iowa.

Sijawahi kuona watu wazima wakisimama kwa haraka vile. Kamera alimpisha kwenye benchi. Udongo alivua kofia. Pointi alijaribu kusimama, nyonga ikamkatalia, akabaki nusu.

— Kaa, mama, kaa, karibu sana. Kahawa? Unaitwa nani?

— Darla Tjaden. Asante. Kuna nini?

— Hakuna kitu, alisema Kamera. Umetokea Iowa?

— Nimezaliwa huko. Baba yangu analima huko mpaka leo.

— Na madume mnao?

— Kulungu? Wapo. Wanatumalizia soya.

— Wakubwa?

— Wapo wakubwa. Darla alipuliza kahawa. Kuna mmoja alikuwa anakuja nyuma ya ghala la baba, miaka na miaka. Mwishoni alikuwa na tumbo kama ng'ombe na mgongo umebonyea. Baba alikuwa anamwita Meneja.

Pointi alifumba macho. Naapa, alifumba macho kama mtu anayeonjeshwa kitu.

— Sasa tuambie siri, alisema Udongo. Ni udongo, sivyo?

— Ni utulivu, alisema Kamera.

— Na huyu bwana achague ukanda gani? nilisema mimi, maana nami nilishanogewa.

Darla aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama boriti juu, halafu akatazama ukutani, ambapo nimetundika picha za boriti hiyo za kila mwaka, thelathini na moja kwa jumla. Kila picha ina watu wanaotabasamu na madume waliojipanga. Alizitazama kwa muda. Hakuwa na dharau hata kidogo usoni, alikuwa kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

— Mimi kanda sizijui, alisema. Ila naomba kuuliza. Kulungu wenu wa hapa, akifikisha miaka mitano, huwa anakuwaje?

Kamera alifungua simu, akaanza kupekua. Kamera kumi na nne, picha elfu ngapi sijui. Kidole hakikusimama kwenye hata moja.

Udongo alimtazama Kamera.

Mimi niligeukia picha zangu. Nilikuwa nimezipita kila siku na gunia begani. Madume wa pembe za ncha mbili, za ncha tatu, mwaka mmoja na nusu, mwaka mmoja na nusu, miwili kwa bahati; wa mitano hakuna. Kwenye picha ya tisa nipo mimi, nimeshika pembe za kitoto zinazoenea kwenye kiganja, nacheka.

— Samahani, alisema Darla. Nimeuliza vibaya?

— Hapana, alisema Pointi. Umeuliza vizuri. Hatujui.

Nikampakilia magunia. Alishukuru, akaaga, akaondoka na zile namba zake. Nilikwenda kumimina kahawa, birika likatoa matone mawili na mvuke.

Pointi alichukua simu. Alichagua ukanda, sijui upi, akabonyeza, akaisukuma mfukoni. Miaka mitano ikaenda kwa kidole kimoja.

— Hongera, nilisema.

— Novemba mapema nitakuwa Iowa, alisema. Ila hiyo kumi na tano nitakuwa nimerudi. Kisha akainamisha kichwa akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama alivyokuwa akihesabu watoto kwenye basi. Soksi mwaka huu atakuwa na miaka miwili na nusu. Mwaka ujao mitatu na nusu. Januari wananiwekea chuma, tuseme mwaka mmoja wa kujifunza kutembea...

Alimgeukia Udongo.

— Shemeji, yule kulungu akitoka kwangu anapita kwako.

— Najua.

— Kila siku anapita kwako.

— Najua anakopita, Leland.

Kamera alimtazama Udongo, mimi nikamtazama. Udongo alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu, amekunja uso. Kisha akaweka kofia kichwani.

— Kwani ninyi nani aliwaambia nilimkosa? alisema. Nilimwacha akue.

Kamera, ambaye picha ya boksi la posta lenye tundu anayo kwenye simu, alisema ni kweli, hata yeye alishangaa siku ile, maana Gordon huwa hakosi.