Mwalimu Domitila Asipande Basi la Kesho

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, wanafunzi, na ninyi akina mama wa jikoni ambao pilau lenu limeshaanza kunivuruga mawazo, nawasalimu kwa Kisukuma chetu: mwadila.

Mimi ni Bundala, mkulima wa pamba wa hapahapa Nkololo, baba yake Sayi. Mshereheshaji wetu, Mwalimu Onesphory, amenipa dakika tatu za kumuaga Mwalimu Domitila, anayestaafu leo na kesho alfajiri anapanda basi kurudi kwao Bukoba. Sikuja kumuaga. Nimekuja kumwomba asiende.

Ndugu zangu, nani asiyejua alichotufanyia huyu mama? Alipofika, watoto wetu wakiitwa kuzungumza walikuwa wanatazama vidole vya miguu. Akawapa sentensi moja ya Kiingereza ya kuanzia: "Thank you for giving me this golden chance." Yaani, asante kwa kunipa nafasi hii adhimu. Fupi, safi, inatosha. Walioharibu ni sisi wazazi. Msukuma gani anamsalimia mtu mara moja akanyamaza? Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Tukawaambia watoto, hapo bado, ongezeni.

Basi siku ya mdahalo kule mjini Bariadi, mada ikiwa ng'ombe ni bora kuliko pamba, Sayi wangu akasimama. Akamshukuru mwenyekiti kwa hiyo golden chance. Akamshukuru katibu, majaji, mtunza muda, dereva aliyetuleta, na mama wa mtunza muda kwa kumzaa mtunza muda. Kengele ikalia. Ng'ombe hata hajatajwa! Sisi wazazi tukapiga vigelegele, tukambeba mtoto juu juu, tukijua tumeshinda. Tulikuwa wa mwisho.

Mwalimu Domitila alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akaniambia, "Baba Sayi, kikombe wamechukua wao, lakini adabu imebaki kwetu." Mtu wa Bukoba, jamani, kasema kwetu. Tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Mwalimu Onesphory, naona unanionyesha saa. Shusha mkono, nafika. Marehemu mke wangu Eufrasia alitutoka zamani, na Mwalimu naye ni mjane kama mimi. Nimekwenda kwake mara nyingi nikiwa na neno langu kifuani. Nikifika nasalimia, nauliza kuku, nauliza mihogo, nauliza ndugu zake wa Bukoba mmoja mmoja, mpaka giza linaingia, naaga, narudi nyumbani na neno langu vilevile. Mnacheka? Mwenzenu naumia.

Sasa leo nalisema lote mbele ya Diwani. Domitila, nakupenda. Naomba nikuoe. Ng'ombe wapo, na Sayi ameshakubali.

Asanteni kwa kunivumilia, ndugu zangu. Nawaomba mnyamaze kidogo. Kipaza sauti nampelekea yeye.