Dkt. Apolinary Nyamhanga, Aliyeacha Kuuliza Kama Panauma

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, wafanyakazi wenzake, majirani wa Bweri, ndugu zetu Waislamu mliotoka Bunda alfajiri, poleni na jua hili. Mimi ni Marieta, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Jana baba mdogo Chrispin alinishauri kwamba nikifika kwenye ugonjwa niseme tu aliugua kwa muda mfupi, kama inavyosomwaga kwenye misiba yote, lakini tangu juzi hapa msibani yanasemwa maneno kwamba picha za mashine ya eksirei ndizo zilizomuua, na wapo waliokwisha kumwomba Dkt. Jofrey, mwenzake katika utafiti, azifute picha zao. Kwa hiyo baba mdogo anisamehe, nitasoma yote, kwa sababu kazi ya kaka ikifutwa tutakuwa tumemzika mara mbili.

Marehemu Apolinary Nyamhanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Butiama, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Hezron Nyamhanga na marehemu mama Mary, akabatizwa mwaka huohuo, akachunga ng'ombe kabla hajajua kusoma, na kwa uchungaji hakuwa hodari, maana mara mbili ng'ombe walirudi nyumbani wenyewe na yeye akafuata nyuma. Mwaka 1982 alianza shule ya msingi hapahapa, akamaliza 1988, na katikati ya miaka hiyo alipita jandoni pamoja na wenzake, wengine wao wapo hapa, na wanajua kwamba alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, baba akampa mtamba mwekundu mbele ya watu wote. Nalitaja hilo kwa sababu lina kazi yake huko mbele.

Alisoma sekondari mjini Musoma, akiishi kwa shangazi yetu Kamunyonge, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea udaktari wa meno, akahitimu mwaka 2001 na kupangiwa kazi katika hospitali moja mjini Bunda. Hukohuko Bunda alimpata Anastazia, mwalimu, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 7 Desemba 2002, Mungu akawajalia watoto wawili, Yusto aliyezaliwa 2004 na Robi aliyezaliwa 2008. Mwaka 2012 alihamia Musoma, wakajenga Bweri, na nyumba ile mnaifahamu, ndiyo ile ambayo mkiwa na mtoto mwenye pipi mkononi mlikuwa mnaipita mbio, daktari wa meno asiwaone.

Sasa nizungumzie kazi yake. Wengi hapa mmechomwa sindano yake ya ganzi, na wengine mlisema dawa yake haishiki, hata sokoni Bunda ikavuma kwamba anaichanganya na maji, maneno yaliyomnyima raha kwa miaka. Alinieleza mwenyewe kwamba ganzi ya taya la chini inachomwa kwa kukisia, daktari anapapasa mfupa kwa kidole gumba, anakadiria lilipo tundu dogo ambalo mshipa wa fahamu unaingilia ndani ya taya, kisha anaimwaga dawa karibu na hapo, na kama tundu la mtu huyo liko juu zaidi au nyuma zaidi ya lilivyochorwa kitabuni, dawa inakwenda kando na jino linabaki macho. Akajiuliza kama matundu ya watu wa huku yako pale kitabu kinaposema, na mwaka 2021, kwa kushirikiana na Dkt. Jofrey wa Mwanza, mtaalamu wa kusoma picha za eksirei, alianza kukusanya picha za taya za wagonjwa walioridhia, ili alinganishe mahali pa tundu na jinsi ganzi ilivyoshika.

Mwaka mzima hesabu zilimkatalia. Picha zilionyesha matundu ya kila namna, ya juu, ya chini, ya nyuma, lakini kila mgonjwa aliyeulizwa kama bado panauma alijibu hapaumi, hata yule ambaye kwa mujibu wa picha yake dawa isingeweza kumfikia, na kaka akaanza kuamini kwamba wazo lake lote lilikuwa bure. Ndipo mwaka 2022 akaja mama Matrida, jirani yetu hapa Butiama, ambaye ameniruhusu nimtaje, naye alipoulizwa alisema, "Siliagi mimi, daktari, wewe ng'oa tu," kaka akang'oa, na jino lilipotoka mama Matrida alikuwa amezimia kitini akiwa bado ameshika mikono ya kiti.

Kaka hakula siku hiyo. Alimwambia Anastazia kwamba amewatesa watu kwa mwaka mzima huku akiwaandikia kwamba hawakuumia, na kwamba yeye, mtoto wa Butiama aliyepewa mtamba kwa kutopepesa jicho, ndiye wa mwisho kujua kwamba mtu wa kwao ukimuuliza kama panauma umemuuliza kama yeye ni mwoga. Aliyatupa majibu yote, akabaki na picha, akaanza upya. Kuanzia siku ile hakumuuliza mtu tena kama panauma, alimwambia afumbe macho, akamgusa mdomoni kwa pamba, akamuuliza nimegusa wapi, akaliwekea jino kitu cha baridi na kungoja, na asiyejua ameguswa wapi wala hakusikia baridi ndiye ganzi imemshika. Hesabu zikaanza kukubali, na sindano zake zikaanza kushika, wagonjwa wake wa Mwisenge na wa Bweri ni mashahidi, kwa sababu alijifunza kuchoma juu kidogo zaidi ya alivyofundishwa.

Novemba 2023, baadhi ya watu walipoiogopa mashine, kaka alikaa yeye mwenyewe wa kwanza ili waone haina neno, na katika picha ile, ya kwanza kabisa kupigwa taya lake, Dkt. Jofrey aliona kivuli upande wa kulia, akampigia simu. Kaka akamjibu kwamba ni mzizi wa jino la zamani, wala hapaumi. Naomba mlisikie hili vizuri, ninyi mnaosema picha zimemuua: ugonjwa ulitangulia, picha ikaukuta, na picha ndiyo pekee iliyotaka kumsaidia mapema.

Asubuhi ya Jumapili moja ya Agosti 2024, kabla ya misa, Anastazia aliona uji unamtiririka kaka kidevuni na yeye hana habari. Hakumuuliza kama anaumwa, alikuwa ameolewa naye muda mrefu wa kutosha kulijua jibu. Alichukua pamba, akamwambia fumba macho, akamgusa mdomo wa chini, akamuuliza nimegusa wapi. Kaka akaendelea kungoja aguswe. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi bila sindano, na hakuna mtu katika mkoa huu aliyejua kuliko yeye maana yake, kwamba ndani ya taya kuna kitu kinaukaba mshipa.

Ulikuwa uvimbe mbaya, na ulikuwa umekwisha kutembea. Madaktari wa Mwanza walimtibu kwa moyo wote, nao hawakutuficha kwamba angekuja na kile kivuli cha Novemba wangekuwa na nafasi kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyeweza kuahidi. Hapo nina hasira na kaka yangu, na ninaisema mbele ya jeneza lake, kwamba aliwavunjia wenzake kiburi kile cha kukana maumivu akakibakiza cha kwake. Mganga hajigangi, sawa, lakini wazee pia walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki. Alifariki Mwanza Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Robi, na wiki ya mwisho, Robi alipomgusa shavu, alisema mwenyewe bila kuulizwa, "Panauma, mwanangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, wafanyakazi wenzake wa Bunda na Musoma, majirani wa Bweri mliolala nje kwa baridi, jumuiya, kwaya, na mzee Nassibu na Waislamu wenzake wa hapa Butiama waliochinja na kupika tangu juzi. Kwa Dkt. Jofrey, Anastazia na watoto wameridhia picha ya kaka ibaki katika utafiti pamoja na kivuli chake, isomwe na wanaojifunza, na mama Matrida amesema ya kwake pia isifutwe. Mliokuwa mnataka zenu zifutwe ni haki yenu, ila mfikirieni atakayekaa kwenye kile kiti baada yenu.

Pumzika sasa kwa amani, kaka Apolinary. Sisi uliotuacha panatuuma, na leo tunasema.