Mwanne binti Akida, Mwanamke Aliyerusha Ungo Mchana

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko jikoni, ipunguzieni moto. Kama kuna mtu anawasemesha, mwambieni asubiri. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hasikilizwi kwa sikio moja. Ni mimi Scolastika Mabula, na ninayemkumbuka pamoja nanyi ni Mwanne binti Akida wa Geita. Wengi mlimfahamu kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Zamoyoni. Alifariki Jumanne, na jana tumemzika.

Mama Zamoyoni. Yule aliyerusha ungo.

Najua kuna waliokunja uso hapo walipo. Tulieni. Nitawaeleza ungo gani, na ulirushwa vipi, na kwa nini mji mzima ulisimama msituni kuutazama.

Baba yake, Mzee Akida, alitoka Ujiji na mtumba wa nguo begani enzi zile mgodi wa zamani wa Geita ulipokuwa bado unafanya kazi. Akaoa huku, akajenga huku. Mwanne akazaliwa huku. Akaolewa na Muhidini, fundi baiskeli, mtu mpole mwenye mikono myeusi ya grisi. Yeye mwenyewe akauza mchele sokoni. Kazi yake ilikuwa kupepeta. Alipepeta asubuhi, akapepeta jioni. Binti yake, Mwahija, aliniambia juzi msibani: "Mchele wa mama ulikuwa hauna jiwe. Ukiuma jiwe kwenye wali wa mama, basi umeuma jino lako mwenyewe."

Sasa sikilizeni mchezo ulivyokuja. Mwaka 1979 alifika mtaalamu wa miamba kutoka ng'ambo. Watu walimwita Bwana Piti. Mchana alipasua mawe akitafuta dalili za dhahabu, jioni alikuwa hana la kufanya. Alikuja na visahani vya plastiki vya kurusha. Akaenda kwa Bwana Miti, yule afisa misitu, akaomba ruhusa ya kuchezea kwenye bustani ya msitu iliyo mgongoni mwa mji. Mnaijua ile. Huku misindano iliyopandwa, huku miyombo na mininga ya asili, kati yake majabali, na upande wa chini korongo lenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi.

Mchezo wenyewe ni huu. Unasimama hapa. Kule mbele, kati ya miti, kuna tenga juu ya mti uliochomekwa ardhini. Juu ya tenga zinaning'inia cheni kuukuu za baiskeli. Unarusha kisahani kipite kati ya miti, kigonge cheni, kianguke ndani ya tenga. Ukikosa, unaenda kilipoanguka, unarusha tena. Vituo ni kumi na vinane. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Ni rahisi kuusema, lakini ule msitu ulikuwa hauna huruma. Vijana wenye vifua walitoka humo wamevimba mashavu kwa hasira.

Cheni zile alizifunga Muhidini. Ndivyo mkewe alivyoingia. Alimpelekea mumewe chakula, akamkuta Bwana Piti anarusha na kukosa, anarusha na kukosa. Mama Zamoyoni akaomba ajaribu. Akakishika kisahani, akakipima mkononi, akakirusha kwa kifundo cha mkono, kama anayetoa pumba. Kikaenda. Cheni zikalia. Bwana Piti akauliza amejifunzia wapi. Akajibu, "Huu si ni ungo tu?"

Hapo ndipo palipozaliwa neno, wasikilizaji wapendwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiita ungo. Na kwa wanawake wa sokoni lilikuwa neno la kucheka. Siku moja kisahani chake kiligonga jabali kikapasuka. Mpiga debe mmoja akatangaza kwamba Mama Zamoyoni kavunja ungo. Wanawake wakaangua kicheko. Naye akasema, "Nilishavunja zamani, na ushahidi ni huyu Zamoyoni." Hata mumewe alicheka mpaka akakaa chini.

Bwana Piti aliondoka, visahani akawaachia. Mchezo ukakua. Mwaka 1983 Bwana Utamaduni, yule afisa utamaduni, akaamua uwe mashindano ya Saba Saba. Akatoa gari lenye kipaza sauti. Gari likaenda Katoro siku ya gulio, likaenda Buseresere, likitangaza hivi: "Wananchi wote mnaarifiwa kwamba Saba Saba, katika msitu wa Geita, kutakuwa na mashindano ya kurusha ungo. Bingwa Mama Zamoyoni atakuwepo. Wachezaji wote wa ungo mnakaribishwa."

Jamani. Mtu uko gulioni, hujui kisahani wala plastiki. Unasikia serikali inawaalika warusha ungo. Zamoyoni anasema watu wa Katoro walianza kufunga biashara kabla gari halijageuza.

Mpaka hapa tunacheka. Sasa tuache kucheka. Mwaka ule ng'ombe wa jirani wa Mama Zamoyoni, Bernadina, walikufa mmoja baada ya mwingine. Bernadina, Mama Ignas, alikuwa mjane. Ng'ombe wale ndio waliokuwa ada ya Ignas, ndio nguo, ndio kila kitu. Gari lile lilipopita mtaani, Bernadina alitoka nje akasema mbele za watu kwamba sasa amejua ng'ombe wake wamekwenda na nani. Kwamba amekiona kile kitu msituni kwa macho yake. Kinatoka mkononi, kinakwenda kulia, halafu kinajipindia chenyewe kushoto, na hakuna upepo.

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi ni watu wa huku. Mnajua miaka ile mwanamke aliyeitwa jina lile alikuwa anasubiri nini. Sina haja ya kulisema redioni, na watoto wanasikiliza.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Bartholomeo. Akaitisha baraza. Wengine walitaka Mama Zamoyoni aondoke siku ileile. Balozi akasema uchawi haufanywi alasiri mbele ya kadamnasi. Akatoa uamuzi: "Saba Saba tutakwenda wote. Tukiona mchezo wa kawaida, maneno yamekwisha. Tukiona ungo unapinda njia wenyewe kama anavyosema Mama Ignas, Mama Zamoyoni atahama kabla jua halijazama."

Watu waliona balozi amehukumu vizuri. Muhidini hakuona hivyo. Yeye alijua, na mkewe alijua. Kisahani kikirushwa, mwisho wa safari yake hupinda. Ndiyo tabia yake. Na kituo cha mwisho hakina njia iliyonyooka. Tenga liko nyuma ya mninga mkubwa. Kushoto ni jabali tupu. Kulia ni korongo la maduara. Lazima kisahani kitoke nje juu ya korongo, halafu kirudi ndani. Kisipopinda, kimepotea. Kikipinda, yeye ndiye aliyepotea.

Muhidini akasema, "Mama Zamoyoni, twende Ujiji kwa ndugu zako. Baiskeli zinaharibika kila mahali." Mwahija aliyasikia yale maneno, na jibu la mama yake hajalisahau mpaka leo: "Nikiondoka leo, watasema ni kweli. Na watakaobaki na hilo jina ni wanangu."

Saba Saba ikafika. Watu walijaa msituni kuliko mkutano wa hadhara. Mpinzani wake alikuwa Thobias, mchimbaji kutoka Segese, kijana mwenye mkono wa kuvunja jiwe. Akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba baba, leo usinionee huruma." Wakaanza.

Kuanzia kituo cha kwanza Mama Zamoyoni alirusha fupifupi, kwa kunyoosha tu. Waliomjua waliumia moyo. Alikuwa anaubana mkono wake. Ungo wa Thobias ulipinda mara kadhaa, tena ulipinda vizuri, na hakuna aliyesema neno. Mwanaume akipinda kitu huitwa fundi. Lakini Thobias alikuwa na haraka, na ile miti haipendi haraka. Alipogonga mti, mama alisogea. Alipogonga tena, mama alimfikia. Walifika kituo cha mwisho wamelingana.

Thobias akatangulia. Alitumia nguvu zake zote. Kisahani kikasugua gome la mninga, kikatumbukia korongoni, ndani ya duara. Kimekwenda.

Sasa ikabaki zamu yake. Balozi amesimama. Bernadina amesimama mbele kabisa, khanga ameifunga kiunoni. Mji mzima unasubiri kuona ungo utapinda au hautapinda. Angeweza kurusha kidogokidogo pembeni, kipande kwa kipande, akashindwa kwa heshima akarudi nyumbani kwake. Zamoyoni anasema alimwona mama yake anautazama ule mninga kama anayetazama mtu aliyemkopa. Halafu akageuka. Akaita, "Mama Ignas. Njoo."

Bernadina akakataa kwa Kisukuma, "Yaya, sitaki." Akarudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa kumejaa watu.

"Umesema umekiona kwa macho. Basi kishike kwa mkono. Si unapepeta mtama? Pepeta kama unatoa pumba, halafu uachie."

Balozi akasema, "Mama Ignas, shika. Tumekuja kutazama, basi tutazame."

Bernadina akakishika kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto. Akasema Yesu na Maria. Akarusha.

Wasikilizaji wapendwa, kisahani kikatoka. Kikaenda kulia, juu ya korongo. Kikatulia hewani kidogo. Halafu kikapinda kushoto. Kikauzunguka mninga, taratibu, na hakuna upepo. Kikaanguka hatua chache kutoka kwenye tenga.

Bernadina alibaki ameutazama mkono wake wa kulia. Mzee Bartholomeo akakohoa, akauliza, "Sasa tumhamishe nani?"

Alicheka mtu mmoja nyuma. Wakacheka wawili. Halafu msitu mzima ukacheka, na ndani ya kicheko kile mlikuwa na watu wanaofuta machozi. Mama Zamoyoni hakucheka. Alikuwa na kazi. Akachukua kisahani chake, akakipima, na sasa akauachia mkono. Ule mkono wa sokoni, wote. Kisahani kilitoka mbali sana juu ya maduara, mpaka watu wakadhani kimekwenda. Kikapinda, kikarudi, kikapita nyuma ya mninga pasipoonekana. Watu wakasikiliza. Cheni zikalia.

Kwa mara moja tu, wasikilizaji wapendwa. Kituo kigumu kuliko vyote, akakimaliza kwa mara moja. Mwanne binti Akida akawa bingwa wa Saba Saba, mchana kweupe, mbele ya balozi wake. Thobias ndiye aliyembeba begani. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sokoni. Na jioni ile nusu ya mji walipanga foleni pale, kila mtu anataka arushe aone kama nao wake utapinda. Ukapinda wa kila mtu, hata wa balozi.

Bernadina yu hai, na jana alikuwa makaburini. Nilimsogelea na kinasa sauti changu. Akaniambia, "Ng'ombe wangu nilikuja kuambiwa ni ndigana, homa ya kupe. Lakini mimi sikungoja daktari wa mifugo. Mkono wangu ndio ulionisuta. Na yeye hakunisuta hata siku moja. Kesho yake alinitumia mchele."

Kwa miaka iliyobaki ya themanini Mama Zamoyoni aliwafundisha wanawake wa Katoro, Buseresere na Segese. Alishinda mara nyingine, akashindwa mara nyingine. Muhidini alitangulia mbele ya haki. Yeye akabaki na duka lake dogo la mchele.

Kwa Zamoyoni, kwa Mwahija, kwa wajukuu na ukoo wote wa Mzee Akida hapa Geita na kule Ujiji, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu ampe kauli thabiti.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujalitamka lile neno juu ya jirani yako, nenda kwanza ukashike anachokishika. Usiku wa leo ufikirie mtaa wenu. Fikiria nani anatazamwa vibaya, na nani ameanza kutazama hivyo.

Mama Zamoyoni alizeeka. Sote tunajua si kila mwanamke wa rika lake aliyeachiwa azeeke. Alizeeka mpaka mgongo ukapinda, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, na mtaani hakuna aliyeyaogopa macho yale wala kumwita jina lile kwa sababu yake. Jumanne alfajiri alifariki kitandani kwake, nyumbani kwake, na aliyemfumba macho ni Bernadina.