Emile Amisi, Aliyengoja Jua Limwachie Redio

Tarehe 31 Desemba 1959 Bwana Emile Amisi ataweka chini visikilizio vyake, baada ya miaka ishirini na minane katika kazi ya simu ya upepo, kwanza Kabambare, kisha hapa Kasongo. Sisi wenzake wa ofisini tunafurahi kwa ajili yake. Kwa ajili yetu wenyewe, tuseme ukweli, tuna wasiwasi.

Wote waliofanya kazi naye wanajua kwamba hulitazama jua kabla ya kusalimia watu. Wageni hudhani ni maringo. Ni woga, na ana sababu.

Alipokuwa Kabambare, mchana mmoja sauti zote zilikatika kwa pamoja. Akadhani mashine imekufa. Akaifungua, akatandaza mezani nyaya zake na zile taa ndogo za ndani zinazoikuza sauti, na mawasiliano yaliporudi mashine ilikuwa bado vipande vipande. Kasongo iliita hadi ikachoka. Baadaye fundi mkuu aliyepita huko alimweleza: jua hulipuka, miale yake ikafika kwenye tabaka la juu la hewa ambalo kwa kawaida huyarudisha mawimbi ya redio chini, na tabaka hilo likaanza kuyameza. Jambo hilo hutokea mchana tu, hupita lenyewe, na mawimbi mafupi zaidi ndiyo hupona kwanza.

Basi Amisi akapatana na Gaston, aliyeshika nafasi yake Kabambare. Redio ikinyamaza ghafla mchana, bisibisi ikae sandukuni. Wote wawili wapande kwenye wimbi fupi kabisa, Kasongo iite, Kabambare isikilize. Mapatano mazuri, ila Gaston tunamjua. Saa ya ukutani ya ofisi yake aliifungua aitengeneze, na haikupona.

Aprili mwaka huu mvua ilibeba daraja la upande wa Wamaza, kwenye njia ya kutoka Kabambare. Mtu wa baiskeli alileta habari Kasongo karibu na adhuhuri. Daraja lile liko nyuma ya kona, dereva hulikuta akiwa tayari juu yake. Na mchana huohuo kamyo, lile lori la mpunga, ilikuwa itoke Kabambare kuja Kasongo, na ndani yake Faida, binti wa Amisi, akija kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake kama desturi inavyotaka.

Amisi alishika kipaza sauti cha redio aite. Kimya. Hata mikwaruzo haikuwepo.

Mama Régina, mke wake, alisimama mlangoni na kulia, "Fungua mashine, Baba Faida! Mutoto iko njiani!" Mkuu wa posta naye alitaka ifunguliwe. Amisi hakugusa hata skrubu moja. Alipanda kwenye wimbi fupi, akaita, akangoja, akaita tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye meza. Alituambia baadaye kwamba jua halikumtisha sana kama Gaston: labda yuko pale ameshika bisibisi, mashine iko wazi mbele yake.

Kisha ikaja sauti nyembamba, ya mbali. "Kasongo, nakusikia. Sikufungua kitu, Mzee."

"Simamisha kamyo! Daraja haiko tena!"

"Kamyo iko hapa, moteri iko nawaka. Nakimbia!"

Amisi alivua visikilizio, akakaa chini sakafuni.

Kwa kuwa njia ilikatika, Faida alijifungua hukohuko Kabambare, nyumbani kwa Gaston aliyempokea, na Mama Régina alinuna mwezi mzima kwa ajili ya desturi iliyovunjwa. Jua bado linalipuka, na kuanzia Januari kiti chake mbele ya redio ni chetu. Tunaogopa, lakini tumefundishwa kungoja.

Mzee Amisi, asante. Pumzika vizuri, ulime shamba lako la Lusangi kwa afya, na usitazame juu tena isipokuwa kwa sababu ya mvua. Mjukuu wako yuko hapa nasi leo. Anatambaa, na tayari amekamata waya wa kipaza sauti.